Sakafu ya Maua ya Bwana Seif

Siku mliponiaga kazini mlinipa kiti. Kiti kizuri cha mvule, kina mto wa kukalia na mto wa mgongo, na nyinyi vijana mkapiga makofi kana kwamba mmenipa shamba la karafuu. Ahsanteni. Lakini mtu aliyemaliza umri wake amepiga magoti juu ya saruji mbichi, kumletea kiti wakati magoti yenyewe yameshakwisha, hiyo ni dhihaka, nami nimeipokea kama dhihaka. Ndicho ninachokikalia sasa hivi nikiandika.

Yule bwana mdogo wa ofisini akaniambia, "Mzee Hamadi, tuandikie ulivyopanda mpaka ukafika ulipofika." Sikupanda popote. Anayepanda ni fundi wa paa. Fundi wa sakafu huanza amesimama, akamaliza ameinama. Basi nitawaandikia sakafu ya kwanza iliyokuwa yangu mwenyewe, ile ya maua, kwa sababu nawaona siku hizi mnachapa sakafu kwa mihuri ya mpira inayokuja ndani ya maboksi yenye picha ya Mzungu anacheka, na mnadhani mmeigundua nyinyi. Siye tuliichapa Tibirinzi, hapo Chake Chake, miaka michache kabla ya Mapinduzi, kwa muhuri wa mti wa mfenesi, na hapana aliyecheka.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kombo. Asili yake Wambaa, ambako kila mtu ni mvuvi, lakini yeye alikuwa akitapika hata ngalawa ikiwa bado imefungwa. Ndugu zake wakamshauri atafute kazi ya nchi kavu, naye akaitafuta iliyo kavu kuliko zote. Alianza enzi za chokaa, wakati sakafu ilipopondwa kwa vijiti siku mbili tatu huku wanawake wakiimba, mpaka ikawa ngumu. Saruji ilipokuja aliidharau kwa kuwa haina nyimbo. Aliitumia, lakini aliidharau.

Siku ya kwanza niliyokwenda kwake kuomba kazi, nyumbani kwake Tibirinzi, hakuniuliza jina. Alinionyesha sakafu ya chumba chake akasema, "Kaa."

Nikakaa.

"Unasikia nini?"

"Baridi, mwalimu."

"Na nini tena?"

"Basi. Baridi tu."

"Ndiyo sakafu hiyo. Mtu akikaa akasikia kitu chengine zaidi ya baridi, basi fundi kakosea."

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya kike inauliza, "Baba, huyo ni fundi au kibarua?" Fundi Kombo akajibu bila ya kufikiri, "Kibarua." Sauti ikacheka. Ilikuwa ya binti yake, Mwanakhamisi. Wallahi lile neno lilinichoma, na kile kicheko kikanichoma zaidi, mahali pengine kabisa.

Nilibeba ndoo za yule mzee miaka kadhaa. Nilijifunza kuchekecha mchanga, kushika mwiko bila ya kuunyonga, kuiamini pima maji kuliko macho yangu. Zaidi ya yote nilijifunza kuchukia kiraka. Fundi Kombo kiraka alikichukia kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Ukikosea, alisema, vunja upige upya, na ukiwa huwezi kuvunja, liache kosa lako watu walione. "Kiraka hukaa mpaka fundi apinde kona," alikuwa akisema. "Akishapinda, kinabanduka, na mwenye nyumba anabaki na makosa mawili."

Nilipojiona nimekuwa fundi nilimtuma mjomba wangu akapeleke posa ya Mwanakhamisi. Kwa wakati ule tulikuwa tumeshasemezana kupitia pazia lile lile mara nyingi kuliko alivyojua baba yake, na sitaandika tulisema nini kwa sababu Mwanakhamisi atayasoma haya. Mjomba akarudi na majibu ambayo mpaka leo nayakumbuka neno kwa neno.

"Kasema hivi," mjomba aliniambia, akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. "Sakafu zote alizopiga Hamadi, mie nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sijui kama ntamuoza binti yangu kwa fundi au kwa kivuli changu. Apige moja peke yake, mie nisiwepo. Nikiiridhia, aje. Nisipoiridhia, asije tena, hata kuazima pima maji. Na kuna karani wa Wete keshauliza."

"Karani?"

"Tena ana baskeli."

Mambo yakiwa hivyo, ndipo Bwana Seif akarudi kutoka Mombasa. Bwana Seif alikuwa na mashamba ya karafuu na nyumba mpya ya mawe aliyokuwa akiimalizia hapo hapo Tibirinzi, karibu na barabara. Mombasa alikwenda kutibiwa jino. Alirudi na jino la dhahabu na maradhi mapya: kwenye nyumba ya tajiri mmoja aliona sakafu ya saruji iliyochapwa ikawa kama imetandazwa mawe ya kuchonga, asilale tena. Alikuja mbio kwa Fundi Kombo kabla hata ya kufungua sanduku lake.

"Nataka barazani kwangu iwe hivyo, tena si mawe, maua!" alisema. "Na nataka iwe tayari kwa maulidi ya kuhamia. Masoudi wa Jadida nitamwalika."

Bwana Masoudi wa Jadida, kule Wete, alikuwa binamu yake. Alikuwa na saa ya ukutani iliyopiga kengele kila robo, na kila Bwana Seif alipomtembelea, mazungumzo yalisimama mpaka saa imalize. Kwa miaka Bwana Seif aliinyamazia saa ile. Sasa alitaka Masoudi anyamaze yeye.

Fundi Kombo alimsikiliza mpaka mwisho. "Bwana Seif, na watu watakaa wapi?"

"Chini. Kwani watu hukaa wapi?"

"Juu ya maua?"

"Juu ya maua."

Mwalimu wangu akatazama chini kidogo, kisha akanitazama mimi. "Mpe huyu. Mie najenga sakafu za kukaliwa." Jioni ile ile alifunga kifurushi chake akaenda Wambaa kwa dada yake, ili asije akajikuta anapita njia ya kwa Bwana Seif akanirekebisha. "Ntaiona siku ya maulidi," aliniambia mlangoni, "kama watu wengine." Pazia likatikisika. Sikupata usingizi mwema tena mpaka yote haya yalipokwisha.

Sasa sikilizeni kazi, maana wengine mnasubiri hapa tu. Muhuri wenyewe nilimpelekea mchonga milango. Nilitaka ua moja la petali nane ndani ya mraba, lenye mshipi pembeni, ili mraba ukipigwa karibu na mraba ionekane kama vigae. Mchongaji alitaka kuzungushia maneno mazuri ya heri. Nikamwambia hapana, bwana wee, maneno ya heri hayakanyagwi. Ule muhuri niliulaza kwenye mafuta ya nazi mpaka mti ukashiba, kwa sababu mti wenye kiu hunywa maji ya saruji, ukavimba, ukang'ang'ania ulipo, na ukiunyanyua unakuja na ua mkononi.

Kisha nikapiga mfano juu ya ubao nimwonyeshe mwenyewe. Ua lilikuwa la kina kidogo, kama unene wa ukucha. Bwana Seif akainama, akafungua mdomo, jino likang'aa.

"Hii mbona kama haikuchapwa? Zidisha."

Nikazidisha. "Zidisha." Nikarudi kwa mchongaji akachimba tena. Kila mfano niliouleta Bwana Seif aliurudisha nyuma hatua kadhaa na kuutazama kwa mbali. "Nataka Masoudi aione akiwa bado barabarani," alisema. Mpaka tunaelewana, mifereji ya lile ua ilikuwa na kina cha nusu ncha ya kidole na kingo zake zilikuwa kali kama za kibuyu kilichovunjika. Nilimkumbuka mwalimu na baridi yake. Lakini sakafu ilikuwa ya Bwana Seif, nami nilikuwa na karani wa baskeli kichwani.

Chini tulijaza kifusi tukakishindilia mpaka kikalia kama ngoma. Juu yake zege la kokoto. Juu ya zege ndipo tabaka la juu, la mchanga uliochekechwa, mchanga wa bara na si wa pwani. Mchanga wa pwani una chumvi, na sakafu ya chumvi hutoka weupe kila mvua ikinyesha, mwenye nyumba akadhani amelogwa. Tabaka likishasawazishwa kwa ubao, unanyunyiza unga wa rangi nyekundu uliochanganywa na saruji kavu, unasugua uingie, halafu unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Unabonyeza kidole gumba: kikizama, mapema, kikikataa, umeshachelewa, kikiacha alama na kutoka kisafi, hapo hapo, usiulize, usinywe maji, usijibu salamu, chapa.

Kutojibu salamu kulinipatia maadui, kwa sababu Tibirinzi nzima ilikuwa inakuja kutazama. Hizo zilikuwa zama za siasa za vyama, wakati watu walisusiana visima na mazishi, na hata ua halikuachwa liwe ua. Mmoja alikuja akahesabu petali akasema hii ni alama ya wale. Mwengine akazihesabu upya akasema si alama ya wale, ni alama ya kuwakejeli wale. Wakagombana pale pale, kila mmoja na kidole juu ya mfano wangu, mpaka Bwana Seif akatoka akawauliza kwa hofu ya kweli kama petali ikipunguzwa moja watu watasema nini. Wakamjibu kwamba watasema ameipunguza. Petali zikabaki nane.

Niliyefanya naye kazi ni Mbarouk, mtu mzima mwenye mwili wa kontena, samahani, wakati ule kontena hazikuwepo, tuseme mwili wa kasha. Mimi niliuweka muhuri sawasawa na uzi, Mbarouk akaupanda kwa miguu miwili, akasema "Bismillahi," akateremka, nami nikaunyanyua kwa kuuanzisha pembeni kwanza. Safu ya kwanza ilitoka, nikaitazama, nikataka kulia. Nyekundu ya kuiva, kila petali na ncha yake. Tulianza ndani tukarudi nyuma kuelekea mlango wa nje, na kila ua lililotoka nilijiona nakaribia pazia.

Pale mlangoni paa lilikuwa bado halijaezekwa. Tulikuwa tumefika mraba wa mwisho kabisa, pembeni, pale watu wavuapo viatu, likaja rasharasha bila ya kubisha hodi. Mbarouk akakurupuka, akaupanda muhuri kabla sijaondoa mkono kwenye uzi, ukateleza. "Teremka! Teremka weye!" Akateremka. Tukatega jamvi juu tukaikinga sakafu, na mvua ilipopita tukaunyanyua muhuri. Ua lilikuwa limelala upande kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilibonyeza kidole gumba. Saruji ilikataa.

"Tia kiraka yakhe," alisema Mbarouk. "Pakaa saruji kidogo, lisawazishe kwa ncha ya mwiko, nyunyiza nyekundu. Nani atajua? Hapa patakuwa na viatu."

Nilichukua mwiko. Siwafichi, nilichota na saruji nikaichanganya. Nilichuchumaa pale mpaka ile saruji ikaanza kunikaukia mkononi. Ningeweza kulipaka lile ua, lingependeza siku ya maulidi, na siku ya maulidi ndiyo niliyoitaka. Nikaona kama mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka, hapana mtu. Hapo ndipo nilipomkasirikia Fundi Kombo kuliko siku yoyote, kwa kuwa hakuwepo na bado alikuwepo. Nikaitupa ile saruji nje. Tukaifunika sakafu magunia ya karafuu, tukawa tunayamwagia maji kila asubuhi na jioni mpaka ikaiva, na lile ua likabaki limelala vile vile.

Tulipofunua, Bwana Seif alizunguka barazani bila viatu, akirusha miguu kama kuku kwenye matope. "Mashaallah! Mashaallah!" Mkewe, Bi Zuwena, alitoka ndani, akasimama kizingitini, akaitazama muda.

"Nzuri," alisema. "Na karafuu ntaanika vije? Zote si zitaingia humo mwenye vishimo?"

"Hii si ya karafuu!" alisema Bwana Seif.

"Basi ni ya nini?"

Bwana Seif akanitazama mimi kama fundi ndiye anayejua sakafu ni ya nini. Nikajifanya napima maji.

Siku ya maulidi nilifika mapema baada ya alasiri, nimevaa kanzu ya kuazima, nikiwa na nia ya kusimama mahali nitakapouona uso wa Fundi Kombo anapoingia. Nilifika barazani. Sakafu haikuwepo. Palikuwa na mikeka. Mikeka ya rangi, mikeka myeupe, mikeka ya harusi ya Bi Zuwena ambayo haikuwa imetoka sandukuni tangu aolewe, imetandikwa ukuta kwa ukuta, mpaka mlangoni, mpaka chini ya viatu.

Bwana Seif alikuwa katikati, amekamata ncha ya mkeka mmoja, na Bi Zuwena amekamata ncha ya pili.

"Nimeijenga ionekane!" alikuwa anasema kwa sauti ya chini yenye kulia.

"Na mie nimewaalika watu wakae," alisema Bi Zuwena. "Mashehe waje kwangu niwakalishe kwenye saruji tupu? Kama mahabusi? Kesho Chake nzima itasema kwa Seif hakuna hata mkeka. Na hilo jicho la Masoudi unalitaka liitazame hiyo sakafu bila ya kitu? Itapasuka kabla ya magharibi."

"Basi tuache hapa katikati wazi. Kidogo tu."

"Huyo atakayekaa hapo katikati amekosa nini?"

Jamani, nimeona wakubwa wengi wakishindwa, lakini sijamwona aliyeshindwa haraka vile. Aliuachia mkeka. Hakuna nyumba Pemba ambayo mgeni hukaa bila ya kutandikiwa, na hilo tulilijua sote, yeye, mimi, mchonga milango, Mbarouk, wale wa kuhesabu petali. Tulizungumza kina cha ua na rangi ya ua na siasa ya ua, na hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka mkeka, isipokuwa mzee mmoja aliyeuliza watu watakaa wapi, akaenda zake Wambaa.

Wageni wakaingia. Bwana Masoudi wa Jadida akaingia, akavua viatu, akasalimia, akakaa mbele karibu na mashehe bila ya kuinamisha macho hata mara moja, kwa sababu mtu mwenye adabu hachunguzi chini kwa watu. Bwana Seif alimkalia ubavuni, akiupapasa mkeka kwa kiganja kila mara, kama anamtuliza mtoto. Masoudi akadhani anaambiwa asogee, akasogea.

Fundi Kombo akaja mwisho, watu wameshajaa. Nilimwendea kumpokea. "Assalamu aleikum, mwalimu." "Waaleika salaam. Sakafu iko wapi?" "Chini, mwalimu." "Chini ya nini?" Nikamwonyesha. Nilimwomba aende mbele, walikuwa wanampa nafasi kwa umri wake, akakataa, akasema yeye si mtu wa kuruka mabega ya watu. Akaangalia palipo na nafasi, akavisukuma viatu kando, akakaa pale pale pembeni ya mlango. Juu ya lile ua. Kati ya yote yale yaliyonyooka, mashehe wameyakalia, yeye akaenda akakaa juu ya lile lililolala. Nikachuchumaa mbele ya viatu, sina hata dua ya kuomba.

Maulidi ikaanza. Kwanza kimya na utulivu. Kisha nikaona mtu wa safu ya pili anageuza upande. Kisha jirani yake. Mikeka ile ilikuwa myembamba ya kazi nzuri, na chini yake zile kingo nilizozinoa kwa amri ya Bwana Seif zilikuwa macho. Barazani watu walianza kuyumba kama mawimbi madogo, huyu anainua paja la kushoto, yule la kulia, shehe mmoja amejifanya anasujudu ili apumzishe kifundo cha mguu. Bwana Masoudi alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo watu waliitafsiri kuwa ni mapenzi ya Mtume, na labda yalikuwemo.

Ulipofika wakati wa kusimama kumswalia Mtume, nusu ya baraza ikasimama na nusu ikabaki imepiga magoti inatafuta miguu yake. Wakanyanyuana. Na waliposimama, hapana aliyetaka kukaa tena. Walisimama mpaka mwisho, wakasimama kwenye dua, wakanywa kahawa wamesimama, wakala halua wamesimama. Kesho yake Chake Chake ikasema maulidi haijapata kuheshimiwa kama ilivyoheshimiwa kwa Bwana Seif.

Lakini siku ile, kabla watu hawajatawanyika, Bwana Masoudi alinyanyua pindo la kanzu kujikuna. Kifundoni mwake, mpaka ubavuni mwa mguu, palikuwa na ua. Jekundu, la petali, na nusu ya mshipi. "Hiki nini?" alisema. Jirani yake akajitazama naye, analo. Kanzu zikaanza kunyanyuka baraza nzima. Wazee wa watu, wenye heshima zao, kila mmoja kasimama kwa mguu mmoja anatazama ua lake na kulilinganisha na la mwenziwe. Bwana Seif alisimama katikati yao, machozi yanamlengalenga kwa furaha, anaelekeza vidole kwenye miguu ya watu. "Ndiyo hiyo! Ndiyo sakafu yenyewe hiyo!" Masoudi akanyamaza kabisa. Kabla ya kuondoka aliuliza jina la fundi.

Lakini mimi sikuwa naangalia hayo. Nilikuwa namwangalia Fundi Kombo, ambaye peke yake alikuwa amerudi kukaa, kavuta kanzu mpaka gotini na kidole chake kinafuata alama kwenye mguu, petali moja moja, polepole, kama anavyofuata ufa. Akafika mwisho akarudi mwanzo.

"Hili limelala upande," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Mvua ilituwahi."

Akaukunja mkeka, akainama mpaka uso ukakaribia saruji. Akatoa ufunguo wake wa mlango akagonga petali kwa petali, sikio chini. Akapitisha ukucha kwenye kila ukingo, akitafuta nilichokuwa nimetaka kukifanya. Nilihisi ile saruji inanikaukia tena mkononi.

"Hukulitia kiraka."

"Sikulitia."

"Kwa nini? Kiraka kingekuvusha leo. Hapa nisingeligundua."

"Ungekuwepo, mwalimu," nilisema. Lilitoka bila ya kupangwa.

Aliurudisha mkeka, akaulaza vizuri, akaupigapiga. Kisha akaninyooshea mkono nimnyanyue, na alipokwisha kusimama hakuuachia mkono wangu.

"Katika umri wangu sijakalia sakafu mbaya kama hii," alisema. "Kazi nzuri. Mjomba wako aje Ijumaa."

Nililia mbele ya viatu vya watu, na sioni haya kulisema. Mbarouk alidhani nimeumwa na ua.

Bwana Masoudi akataka sakafu ya maua, tena ya kina zaidi. Baada yake wakataka wengine, na kwa muda hapakuwa na tajiri aliyejiheshimu ambaye wageni wake hawakuchechemea. Nilizipiga zote kwa ule muhuri wa mfenesi, na kila mmoja nilimuuliza kwanza watu watakaa wapi, na kila mmoja alijibu chini, na kila mmoja akaifunika yake kwa mikeka. Sasa mna zulia. Mihuri yenu ya mpira inachapa vizuri sana. Kabla ya kuchapa, vijana wangu, kaeni kwanza.

Nyumba yetu mimi na Mwanakhamisi sakafu yake ni laini, inakupa baridi na hapana chengine. Ndivyo alivyotaka yeye. Isipokuwa mlangoni, pale wageni wavuapo viatu, nililichapa ua moja nikalilaza upande kwa makusudi. Hilo halifunikwi. Mgeni akilishangaa, akauliza fundi mzima kama mimi imekuwaje nikakosea mlangoni kwangu, mke wangu hunizuia nisijibu.

"Hilo ndilo lililonioa mie," huwaambia. "Huyu alikuwa kule kwenye viatu, analia."